Injini imenoki baada ya sevisi: kabla hujamkamata fundi, kamata filta kwanza

Mleta mada, pole sana. Nimeusoma uzi wako mpaka chini, na nimeona ulivyoanza na Subaru Forester yako ya turbo ukaishia kwenye "Subaru ni gari la watoto" na "mafundi wa mtaani wote matapeli". Kwa waliochelewa kuingia, kisa ni hiki: jamaa alifanya sevisi gereji ya mtaani, oili na filta. Wiki kama mbili baadaye akatoka Dar kwenda Moshi. Alipopita Segera taa ya oili ikamulika kwenye kona, ikazima. Karibu na Korogwe akasikia kugonga, akaendelea mdogo mdogo hadi Mombo akitafuta fundi, na hapo injini ikanoki, yaani beringi zikafa na ikakaba. Fundi wa Dar anasema mwenye gari aliresi na hakuangalia oili. Mwenye gari anasema aliwekewa oili feki. Kaka mtu anataka fundi awekwe ndani. Swali ni nani alipe.

Mimi si fundi wa gereji. Nafanya kazi kwenye karakana ya kuchonga krenki (ile shafti inayozungushwa na pistoni) na kusagisha hedi, kwa hiyo injini ikinifikia imeshakufa, na mara nyingi walioileta hawasalimiani. Sina gari la kutetea wala fundi wa kutetea.

Jibu langu, mkuu, ni kwamba injini yako ilikufa kwa awamu mbili. Kabla ya Korogwe iliumizwa. Kati ya Korogwe na Mombo ikauawa. Anayedaiwa kwa awamu ya kwanza si lazima awe ndiye anayedaiwa kwa ya pili, na humu ndani watu wanabishana kana kwamba ni deni moja lenye mwenyewe mmoja.

Sasa, injini iko wapi? Nimeshangaa hakuna aliyekuuliza. Kama bado iko kwenye gari na haijaguswa, mshukuru Mungu. Kama umeivuta hadi kwa fundi yule yule na ameshaishusha na kuipanga kwenye beseni, nusu ya ushahidi umeondoka na petroli ya kuoshea. Sisemi fundi wako ni mwongo. Fundi yeyote akishusha injini huanza kwa kuosha, ndivyo alivyofundishwa. Akiosha anaondoa tope la oili, vumbi la chuma na ile rangi ya kuungua, na mara nyingi hivyo ndivyo vitu ambavyo vingemtetea yeye mwenyewe.

Ifunguliwe mbele yenu wote wawili, akiwepo fundi wa tatu asiye na maslahi, simu ikirekodi bila kukata. Kabla ya bolti yoyote kuguswa, ingia uvunguni upige picha. Oili inayovuja gari likiwa kwenye mwendo hupeperushwa nyuma, utaikuta imelowesha kinga ya chini, gia boksi, pengine hadi nyuma ya bampa. Kama uvungu ni mkavu na vumbi lake la zamani, oili haikutoka kwa njia hiyo. Kisha mwaga oili kwenye beseni safi, ipime ni lita ngapi, na uihifadhi kwenye chupa. Usikubali imwagwe kwenye pipa la gereji pamoja na za watu wengine.

Halafu filta. Kwenye injini za EJ, jamii ya injini iliyomo kwenye Forester yako, filta ipo chini kwa mbele, inatazama ardhini, huhitaji kushusha kitu chochote kuifikia. Itoe taratibu na uangalie ringi yake ya mpira. Filta ya zamani inapofunguliwa, mara nyingine ringi yake hubaki imeganda kwenye uso wa injini. Fundi mwenye haraka hapapasi, anafunga filta mpya juu yake. Zikikaa mbili namna hiyo zinaweza kushika siku kadhaa bila tatizo: gari linawaka, likilala usiku halidondoshi hata tone. Siku ya safari, oili ikiwa ya moto na presha imepanda, ringi moja inateleza pembeni na pampu yenyewe ndiyo inayoitoa oili nje. Lita nne na kitu haziichukui pampu muda mrefu kuzimaliza. Ukikuta ringi mbili, mjadala wa oili feki, wa kuresi na wa Subaru umefungwa. Awamu ya kwanza ni ya fundi, na fundi muungwana akiziona atanyamaza mwenyewe. Angalia pia nati ya kumwagia oili kama imelegea au washa yake haipo.

Ikiwa ringi ni moja na uvungu ni mkavu, kuna njia mbili zimebaki. Ama oili haikujazwa vya kutosha tangu siku ya sevisi, ama injini imeila. Kwa hilo la kwanza, tafuta risiti au mkumbuke mlinunua makopo mangapi. EJ nyingi zenye turbo zinataka zaidi ya lita nne ukibadilisha pamoja na filta, wakati kopo lililozoeleka madukani kwetu ni la lita nne. Nimeona watu wanaoitia kopo moja miaka yote na kuondoka wakiamini imejaa, maana dipstiki ya Subaru ina tabia ya kuonyesha oili pande mbili kwa viwango tofauti na mtu anachagua upande unaompendeza. Kwa la pili, injini ya turbo yenye umri wa miaka karibu ishirini kula oili si ajabu. Viwanda kadhaa huhesabu hadi lita moja kwa kilomita 1,000 kuwa bado ni kawaida. Piga hesabu ya wiki mbili za foleni ya Dar, ongeza mwendo wa kwenda Moshi, zaidi ya kilomita 500. Ukikuta hali ni hiyo, fundi wako hana deni lolote, kwa sababu dipstiki ni ya mwenye gari.

Nizungumzie ile taa, kwa sababu wadau wengi wanaisoma vibaya. Mmoja kaandika "taa iliwaka ikazima, maana yake oili ilikuwepo". Hapana, mkuu. Taa ile haipimi ujazo, inapima presha, na imewekwa iwake presha ikishuka hadi sehemu ndogo tu ya bar moja, wakati injini ya moto kwenye barabara kuu inatakiwa iwe na bar tatu au zaidi. Ikimulika kwenye kona ujue oili iliyobaki kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini) imekimbilia upande mmoja, chujio ambalo pampu inavutia oili limebaki juu, na pampu imevuta hewa. Ukinyoosha usukani oili inarudi na taa inazima, lakini beringi, yale maganda laini ambayo krenki inazungukia ndani yake, zimeshapita sekunde kadhaa zikiwa kavu. Kwa hiyo ulipopita Segera tayari ulikuwa umepungukiwa vibaya, sababu iwe yoyote.

Tuje kwenye kazi yangu sasa. Ukishusha sampo na kufungua konrodi, ile mikono inayounganisha pistoni na krenki, usizichanganye beringi. Kila pea iwekwe kwenye mfuko wake, iandikwe namba ya silinda, ya juu au ya chini. Kati ya beringi na krenki kuna nafasi ya sehemu mbili hadi tano tu za mia za milimita, na ndani yake ndimo oili inamobeba mzigo wote. Chochote kilichoharibika ndani ya injini kinapita hapo na kuacha alama.

Njaa ya oili ina sura yake. Uso wa beringi unakuwa umepakwa, metali laini imevutwa upande mmoja, na kwa beringi za tabaka tatu utaona rangi ya shaba imetokeza. Krenki mahali pale inakuwa ya bluu au nyeusi kwa moto. Beringi moja huwa imekufa kabisa, ila usiishie hapo, tazama jirani zake. Ilipokuwa njaa ya injini nzima, majirani nao wameshaanza kupakwa. Ikiwa moja imeteketea na zilizobaki zinang'aa kama mpya, tafuta jambo la hiyo moja: njia ya oili iliyoziba, kofia ya konrodi iliyobadilishwa na ya silinda nyingine, bolti iliyokazwa kwa mkono bila spana ya kupimia. Uchafu unaacha mistari ya kuzunguka na chembe zilizojichimbia. Ukiona doa moja linalong'aa usoni, igeuze beringi utazame mgongo; ukikuta alama mahali pale pale, kulikuwa na taka nyuma yake siku ilipofungwa, na hapo anatafutwa aliyeifunga. Maji au petroli kwenye oili huifanya beringi ipauke na kuwa na vishimo vidogo vidogo.

Chujio la sampo lisisahaulike. Wakati mmoja ilikuja Noah ya biashara, imebebwa kwenye Canter pamoja na watu watatu: mwenye gari, fundi wake, na shemeji wa mwenye gari aliyekuwa akiongea kuliko wote. Fundi alikuwa ameibadilisha gasketi ya sampo muda si mrefu kabla injini haijanoki, kwa hiyo familia ilikuwa imeshahukumu. Kwa bahati injini ilikuwa haijaoshwa. Niliigeuza, nikalisafisha chujio kwa kidole tu, nikawaita wote watatu chini ya taa. Wavu ulikuwa umefunikwa na nyuzi za silikoni nyekundu kama tambi. Kwenye kingo za sampo silikoni ilikuwa ya kijivu. Nikamwomba fundi atoe anayotumia, ya kijivu. Nyekundu ilitoka kwenye ovahoo ya zamani, iliyofanywa gereji nyingine, na aliyempeleka jamaa huko alikuwa shemeji. Shemeji akatoka nje kupokea simu ambayo mimi sikuisikia ikilia.

Hapo fundi akaanza kucheka. Nikamuuliza: ulipofungua sampo kuweka hiyo ya kijivu, chujio hukuliona? Akaacha kucheka. Wa kwanza aliziba, wa pili aliona akafunga. Gharama wakagawana fundi na mwenye gari, maana yule wa kwanza hakupatikana hadi leo.

Wale wa "Subaru zote zinanoki", niwape haki yenu kidogo. EJ ilianza na Legacy mwaka 1989 na imeendelea miaka mingi sana, na umbo lake la silinda kulala pande mbili zinazotazamana linalazimisha krenki fupi, kwa hiyo beringi zake za konrodi ni nyembamba kwa upana. Hazina uvumilivu wa oili kupungua. Zile EJ25 za mwanzo nazo zimejulikana dunia nzima kwa gasketi za hedi, na baadhi ya turbo zina kichujio kidogo ndani ya bolti ya bomba la oili ya turbo ambacho kikiziba turbo inakufa na kumwaga vumbi la chuma kwenye oili. Yote hayo ni kweli. Ila injini ninazopokea zenye beringi zilizokufa zina majina ya kila kiwanda, na ukiuliza dipstiki ilichomolewa lini, jibu ni lile lile. Wenye Prado na Hiace za 1KD, ile injini ya dizeli ya Toyota, humu mnaowacheka wenye Subaru, washa za shaba za nozeli zenu zikivuja, masizi yanaingia kwenye oili na kuziba chujio la sampo, na injini inakufa kwa njaa oili ikiwa imejaa hadi alama ya juu. Huyo hata dipstiki haimwokoi.

Kuhusu oili nzito na nyepesi, nitapita haraka kwa sababu ubishi huu hauishi. Kuweka 20W-50 mahali pa 5W-30 kunaongeza uzito asubuhi na kunaongeza ulaji wa mafuta, lakini sijawahi kuona injini nzima ikiuawa na hilo peke yake ndani ya wiki mbili. Oili feki ipo, tusidanganyane, na nyingine ni chakavu iliyochujwa na kurudishwa kwenye kopo. Lakini sumu yake inaonekana kila mahali: valvu kava ina lami nyeusi, ringi za pistoni zimeganda, beringi zote zimechoka pamoja. Haichagui konrodi moja ikaacha injini nyingine ikiwa safi. Ukitaka kuidai oili, una ile chupa uliyohifadhi. Ilinganishe na kopo lililofungwa kutoka duka lile lile.

Kuna mdau aliyesema afanye kama yeye, "atoe thermostati, injini itapoa na haitanoki tena". Mkuu, hapo umechanganya kuchemsha na kunoki, na hata kwa kuchemsha dawa hiyo ina madhara. Injini isiyo na thermostati inafanya kazi ikiwa baridi, petroli inateremka kwenye oili na kuifanya nyepesi. Kwenye injini ambazo thermostati ndiyo inayoziba njia ya mchepuko, ukiitoa maji yanazunguka ndani bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemsha zaidi kwenye mlima. Nikiletewa hedi iliyopinda, swali langu la kwanza ni nani aliyetoa thermostati. Kwa kawaida ni fundi wa zamani, na mwenye gari alimshukuru.

Vijana wa turbo mna ugomvi wenu peke yenu, wa pande tatu: aliyejenga injini, aliyechezea kompyuta, na anayeendesha. Pistoni ikivunjika ukingo wa ringi, kila mmoja anawanyooshea wawili wengine. Wengi mnasahau mtu wa nne, yaani petroli. Gari la turbo lililotengenezwa kwa soko la Japani lilipangiwa petroli ya daraja la juu, ambayo huko huuzwa ikiwa na oktani karibu 100. Yetu ya pampu haifiki hapo. Ukiongeza presha ya turbo juu ya petroli hiyo, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake. Alama zake ni ukingo uliomeguka kati ya ringi na vidoa kama vya kupigwa mchanga juu ya pistoni, huku beringi ya juu ya konrodi ile ikiwa imepigwa zaidi kuliko ya chini. Ukiziona hizo, aliyejenga injini mwache alale. Mwulize aliyechezea kompyuta aliipima kwa petroli ipi, na mwulize mwenye gari alijaza ipi.

Sasa kuna wanaoamini kiwanda hakikosei, injini ikifa basi ni mtumiaji. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wenye Toyota na Lexus wengi kule Marekani walikuta injini zao zimejaa tope la oili. Kampuni ilianza kwa kusema hawabadilishi oili kwa wakati. Malalamiko yalipozidi, mwaka 2002 ikaanzisha mpango maalum wa kuwatengenezea, ukihusu magari ya 1997 hadi 2002, karibu milioni 3.3. Baadaye zikaja injini za Theta II za Hyundai na Kia. Watu wakinoki barabarani, wanaombwa risiti za sevisi, wasio nazo wanarudishwa nyumbani. Kumbe mabaki ya chuma kutoka kwenye uchongaji wa krenki kiwandani hayakuwa yamesafishwa vizuri na yalikuwa yakiziba oili kwenda kwenye beringi za konrodi. Mwaka 2015 Hyundai iliita Sonata karibu 470,000, mwaka 2017 yakaongezwa zaidi ya milioni moja, na mwaka 2020 kampuni hizo mbili zikakubaliana na serikali ya Marekani adhabu iliyofikia jumla ya dola milioni 210. Mhandisi wa ndani aliyetoa siri alilipwa zaidi ya dola milioni 24 mwaka uliofuata. Hata Toyota tena mwaka 2024 iliita Tundra na Lexus LX zaidi ya 100,000 kwa mabaki ya uchongaji kwenye injini ya V6 mpya.

Sisi tunaonunua gari la mtumba lililotembea miaka kumi na tano Japani hatuna kiwanda cha kukidai. Ila zile kesi zinaonyesha kwamba maneno "hukubadilisha oili" husemwa kwanza, kabla mtu hajafungua chochote, na kampuni kubwa na fundi wa chini ya mwembe wanayasema kwa sauti ile ile. Aliyekuwa na risiti alikuwa na cha kujibu. Andika kwenye daftari au simu: tarehe, kilomita, kopo gani, makopo mangapi, filta gani. Mwambie fundi akupe filta ya zamani mkononi uone ringi yake imetoka nayo.

Kuhusu polisi, mwambie kaka yako apumzike. Kituoni watakwambia ni madai, mkaelewane au mwende mahakamani. Fundi akilala ndani siku mbili hapati hela ya kukulipa, anapata sababu ya kukuchukia na kuficha filta. Kama kuna kilichouzwa kibovu, iwe oili au spea, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji auze kitu kinachofaa kwa kazi yake, na kwa bidhaa bandia kuna Tume ya Ushindani, FCC. Kwa uzembe wa kazi mahakama ipo. Lakini nimeona nyingi zaidi zikiishia kwa mzee mmoja wa gereji anayeheshimiwa na pande zote mbili, mezani zikiwepo beringi na chupa ya oili. Mzee naye asikimbilie "nusu kwa nusu". Hiyo huwa ni njia ya kumaliza kikao watu wakanywe chai, na anayeumia ni yule ambaye ushahidi ulikuwa upande wake.

Ukiamua kununua injini ya mtumba Shauri Moyo, kwenye maduka ya spea Dar, badala ya kutengeneza hii, ujue unafungua ugomvi mpya. Watakuwashia ikiwa sakafuni, itanguruma vizuri, watakupa gwaranti ya mdomo na kukupigia rangi kwenye bolti: ukifungua, gwaranti imekufa. Wakati huo huo fundi mwenye akili hawezi kufunga EJ ya mtumba bila kubadilisha mkanda wa taimingi na sili, kwa sababu mkanda ukikatika valvu zinakutana na pistoni. Kubalianeni kwa maandishi kabla ya kulipa nini kinaruhusiwa kufunguliwa. Hapo hapo dukani fungua kifuniko cha oili uangalie kwa tochi, na chomoa plagi zote nne.

Turudi kwako. Chukua gharama uzigawe hivi. Beringi za konrodi, gasketi, oili na kazi ya kushusha injini: hiyo ni awamu ya kwanza, na inamwendea yule atakayeonyeshwa na filta, uvungu na makopo. Krenki iliyounguzwa, konrodi iliyopinda au kutoboa bloku, turbo iliyomezeshwa chuma: hiyo ni Korogwe hadi Mombo, na kwa sehemu kubwa ni yako mwenyewe, hata kama ringi zitakuwa mbili. Injini ikianza kugonga inazimwa pale pale, gari linavutwa. Fundi wako asitumie hilo kufuta deni lake, nawe usimbebeshe la kwako.

Kama krenki haijapasuka, usikubali ichongwe mara moja. Ipimwe kwanza kwa maikromita mbele yako, iandikwe. Ikihitaji kuchongwa, milimita 0.25 inatosha mara nyingi, na uhakikishe beringi za saizi hiyo zimepatikana na ziko mkononi kabla krenki haijapanda mashine, maana nimeona krenki zilizochongwa vizuri kabisa zikigeuka vyuma chakavu kwa kukosa beringi. Krenki nyingine zimetiwa ugumu kwenye uso wa nje tu kiwandani na ukichonga unaondoa ngozi yenyewe. Ulizia hilo kwa anayechonga, na akisema "haina shida" bila kuitazama, beba krenki yako uende kwa mwingine. Njia za oili za krenki na bloku zizibuliwe kwa waya na hewa, kipoza oili kama gari linacho kibadilishwe, na bomba la turbo lisafishwe, la sivyo vumbi lile lile la Mombo litaua na beringi mpya.

Picha ukishapiga weka hapa, ya ringi ya filta na ya migongo ya beringi pia, si nyuso tu.